Chombo Kilichoanguka Kisifichwe

Ndugu msomaji, wewe unayesaidia katika chumba cha upasuaji, sikiliza neno hili. Glavu zenye damu huteleza. Pensi huanguka, mkasi huanguka, hata mkononi mwa daktari hodari. Kuangusha si dhambi. Lakini kuokota kwa siri na kurudisha mezani ni kumkosea mgonjwa aliyelala kwa dawa, asiyeweza kujitetea.

Wengine husema, "Sakafu imeoshwa asubuhi, tena kilikaa chini kidogo tu." Sivyo. Vidudu havingoji, chombo kikigusa sakafu vinashikamana nacho mara moja. Miguu yetu huleta udongo, na ndani ya udongo zimo mbegu za pepopunda.

Wengine husema, "Tukichemshe kidogo." Maji ya kuchemka hayaziui mbegu hizo kwa hakika. Tena huku kwetu milimani Kivu, penye kimo cha meta 1,500, maji huchemka kwa digrii 95 tu, si 100. Kwa hiyo chombo kioshwe kwanza damu yote itoke, kisha kiingie katika chungu cha mvuke: digrii 121, dakika 30 kama kimefungwa kwa kitambaa, na dakika zihesabiwe tangu joto hilo lifikiwe.

Basi ufanye nini? Sema kwa sauti, "Kimeanguka." Usiiname kukiokota. Msaidizi asiyegusa meza ya vyombo akiondoe, akiweke kando humo humo chumbani, kisitoke mpaka vyombo vyote vihesabiwe. Hesabu isipotimia, tutadhani kimebaki tumboni mwa mgonjwa.

Najua utasema, "Pensi zetu ni chache, na mgonjwa anavuja damu." Ni kweli. Kwa hiyo tuweke moja ya akiba, imefungwa tayari, kabla ya kuanza. Na ikiwa hata hiyo haiko, daktari aambiwe, naye aamue. Neno hilo si lako kuamua peke yako kimya kimya.

Nanyi mlio wakubwa, mnisikie. Msaidizi huficha kwa sababu anaogopa kugombezwa mbele ya watu. Ukimfokea leo, kesho atanyamaza, na baada ya siku chache kidonda ndicho kitakachosema, kwa usaha na homa. Heri kumshukuru aliyesema, kisha kazi iendelee.

Mnakumbuka habari za Akani. Alificha vitu chini ya udongo hemani mwake, akadhani ni siri yake mwenyewe. Lakini watu wapata 36 walikufa huko Ai. Mmoja alificha, wengine wakaumia.

Sisi huomba kabla ya kupasua. Basi tusimwombe Mungu amlinde mgonjwa, na huku mikono yetu inamficha jambo.