Bobini Inasingiziwa
Gari la zamani la petroli, lile la kabureta na delko, likizima njiani kati ya Kabambare na Salamabila, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: bobini imeungua. Bobini mpya inaagizwa mbali, abiria wanalala porini, na ikishafungwa gari bado haliwaki. Madai ya namna hii yanarudiwa hata na mafundi hodari, na vijana wanaojifunza kazi wanayashika hivyo hivyo. Nayajibu kwa sababu kila moja linamtoa mtu fedha asizokuwa nazo.

“Bobini ikipata moto, imekufa.” Joto ni sehemu ya kazi yake: inapokea volti 12 za batri na kuzipandisha hadi elfu 15, elfu 20 na zaidi. Usiihukumu kwa kiganja, ipime. Zima kontakti, chomoa waya, weka mita kwenye omu. Kati ya ncha zake mbili ndogo, bobini inayotegemea rezista ya nje huonyesha omu moja na nusu hivi. Isiyoitegemea, omu 3 hivi. Kutoka ncha ndogo hadi tundu la katikati utapata omu elfu kadhaa. Mita isiposoma chochote, hapo kweli imekatika. Kinachoziua nyingi ni kuacha kontakti wazi injini ikiwa imezimwa, mtu anasikiliza redio, huku platini, zile ncha mbili ndani ya delko zinazokata na kuunga umeme, zimefumba na umeme unapita bila kukatizwa. Jingine ni kufunga bobini ya rezista kwenye gari lisilo na rezista kwa kuwa umbo linafanana. Itafanya kazi siku chache, iunguze platini, kisha nayo iungue.

“Cheche ikionekana nje, umeme ni mzima.” Hili ndilo linalopoteza muda kuliko yote. Hewani cheche huruka kirahisi; ndani ya silinda hewa na petroli vimebanwa, na kuruka pale kunataka volti nyingi zaidi. Cheche nyembamba ya rangi ya njano inaweza kuonekana nje na isiwashe chochote ndani. Unachotafuta ni cheche nene ya buluu, yenye mlio. Ukiikosa, fungua kifuniko cha delko uzitazame platini kwa karibu. Zikiwa na kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili, mshuku kondensa, kile kidude kidogo kinachozuia umeme usiruke kati ya platini zinapoachana. Bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya bobini, lakini ndicho cha mwisho kukumbukwa. Kibadilishe, weka platini mpya au zisawazishe, na rudisha mwanya; Toyota nyingi za wakati huo zinataka milimita 0.45 hivi.

“Likizima likiwa na joto, petroli ni mbaya.” Petroli ya chupa inaweza kuwa na maji, sikatai. Toa kidogo kutoka kwenye kabureta, mimina kwenye glasi: maji hukaa chini, utayaona. Lakini gari linalokwenda nusu saa, likazima, likapoa, likawaka, kisha likarudia vile vile, lina ugonjwa wa joto. Waya mwembamba uliokatika ndani ya bobini huachana unapopata moto na kugusana ukipoa. Kondensa nayo huvujisha umeme ikipashwa. Kwa hiyo pima pale pale lilipozimia, kabla halijapoa. Hakikisha hakuna petroli inayovuja, chomoa waya wa katikati wa delko, ushike kwa koleo kavu lenye mpira, milimita 5 au 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikiruka cheche nene, nenda kwenye petroli, huenda imegeuka mvuke ndani ya bomba. Isiporuka, zungushia bobini kitambaa kilicholowa, subiri ipoe, upime tena. Cheche ikirudi, basi yaelekea bobini ndiyo mkosaji, na sasa una ushahidi.

“Mvua imeingia kwenye injini.” Mara nyingi imeishia kwenye kifuniko cha delko. Fungua boneti gizani injini ikizunguka. Umeme unaotoroka utauona ukitambaa juu ya nyaya. Ndani ya kifuniko tafuta mstari mweusi mwembamba kama wa penseli: huo ni ufa ulioungua, na kifuniko hicho hakifai tena. Kisipokuwa na ufa, kikaushe kwa kitambaa. Usikioshe kwa petroli ukakirudisha kikiwa kibichi, kinaweza kulipuka.

“Hata Land Cruiser ya mazuti haiwaki kwa sababu ya cheche.” Mazuti hayahitaji cheche. Bugi zake ni za kupasha joto tu.

“Fyuzi ikikatika, weka waya.” Hapa naomba wenzangu tuache kabisa. Mara nyingi fyuzi imekatika kwa sababu kuna waya unagusa bodi, hasa unapopita kwenye tundu la bati lililopoteza mpira wake. Ukiweka waya mnene, utaungua ule wa ndani, na nyuma ya kiti kuna bidoni za petroli. Chukua balbu ya volti 12, ya taa ya breki, uiunge mahali pa fyuzi. Itawaka sana. Chomoa kifaa kimoja baada ya kingine. Balbu ikizimika au kufifia ghafla, fuata waya wa kifaa ulichochomoa mwisho.