Bunduki ya mtumba ya shabaha: Mpime mtoto kwanza

Ujerumani hata vijiji vidogo huwa na klabu ya kulenga shabaha, na watoto wa familia zetu zilizohamia huko hujiunga pamoja na wenzao wa darasani. Kuanzia miaka 12 mtoto anaruhusiwa kutumia bunduki ya upepo klabuni, mzazi akitoa idhini na msimamizi akiwepo. Baada ya miezi michache huja ombi: "Mama, nataka ya kwangu."

Bei ya mpya za mashindano hufika maelfu ya euro. Ndipo mzazi anapokutana na matangazo ya Feinwerkbau 300S, bunduki ya springi iliyotamba kwenye mashindano ya mita 10 miaka ya 1970. Sifa zake ni za kweli. Ikifyatuliwa, mtutu na mtambo wake huteleza nyuma juu ya reli ndogo ndani ya mbao, hivyo bega halihisi teke. Ikitunzwa, bado inatoboa katikati ya karatasi leo.

Shida ni kwamba ilitengenezewa mtu mzima. Ina uzito wa karibu kilo 5. Mtoto wa kilo 40 akiishika wima anabeba sehemu ya nane ya uzito wake kwa upande mmoja wa mwili, tena kwa dakika nyingi. Akishindwa, husukuma nyonga mbele na kulala nyuma kupita kiasi, na jioni analalamika mgongo. Kitako kikiwa kirefu, hunyoosha shingo ili jicho lifikie tundu la kulengea. Hapo hata bei nzuri haisaidii. Lilitoka toleo la vijana, fupi na jepesi zaidi, na hilo ndilo la kutafuta. La sivyo, mtoto aendelee na ya klabu mwaka mmoja zaidi, bado anarefuka.

Kwa hiyo mzazi aende na mtoto kwa muuzaji, na ikiwezekana na kocha. Mtoto aishike, alenge, aishushe, arudie mara kadhaa huku mzazi akitazama mgongo, si bunduki.

Halafu vidole. Bunduki hizi hukokiwa kwa mkono wa chuma wa pembeni, na risasi huwekwa kwa kidole kwenye nafasi iliyofunguka. Kizuizi kikiwa kimelika, chuma kinaweza kurudi ghafla na kukata ncha ya kidole. Fundi akikague kabla pesa haijatoka. Hata kikiwa kizima, mtoto afundishwe kuushikilia ule mkono wa chuma hadi kidole kitoke.

Umri nao una yake. Kwenye Diana na Walther nyingi za enzi hiyo, sili za plastiki zinazozuia upepo kuvuja huoza zenyewe, hata bunduki ikiwa imekaa kabatini miaka yote. Muuzaji anayesema "haijatumika kabisa" hajasema jambo la kutuliza moyo. Dalili ni kasi iliyoshuka au makombo laini yanayotoka mtutuni. Klabu nyingi zina kifaa cha kupima kasi: zipigwe risasi 10, na kasi zisipishane sana. Mzazi aulize pia kama kilengeo cha nyuma kimo kwenye bei, maana wengine hukiuza peke yake.

Kisheria, mnunuzi lazima awe na miaka 18, Ujerumani na Uingereza pia. Kwa Ujerumani, zile zisizohitaji kibali kwa kawaida huwa na alama ya F ndani ya umbo la pembe tano. Nyumbani ikae kwenye kabati la kufungwa, na ufunguo uwe kwa mzazi. Likizo ya Mombasa isisafiri nayo. Sheria ya silaha ya Kenya inaigusa bunduki ya upepo pia.

Mwisho ni hizo risasi zenyewe, ambazo nyingi ni madini ya risasi kama jina linavyosema. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi, hasa ubongo. Zisishikiliwe mdomoni wakati wa kupakia, tabia ambayo baadhi ya wazee wa klabu bado wanayo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya mkate kuguswa, na mezani pa risasi pasiliwe kitu.