Mkono wa Mtoto na Herufi Zake

Mwezi uliopita tulinena juu ya adabu za mtoto anapoingia chuoni. Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wazee wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni namna mtoto anavyofundishwa kuandika alifu na bee. Makosa mengi hufanyika hapo, na baadhi yake tumeyafanya sisi wenyewe.

Hapa kwetu Masieda, katika wilaya ya Mbulu, Waislamu si wengi, lakini tunayo neema moja ambayo walimu wa pwani wangeitamani. Mtoto wa Kiswahili hutaabika sana kutamka ayn, na haa ile itokayo kooni. Mwalimu humkazania miezi na miezi. Mtoto wa Kiiraqw amezaliwa akazikuta sauti hizo nyumbani kwao. Neno lao la mwanamume, hhawata, huanza kwa haa iyo hiyo iliyomo katika jina la Mtume wetu. Na wale walioiandika lugha hiyo kwa herufi za Kizungu hawakupata herufi ya ayn, wakatia mstari wa mshazari tu. Qaf nayo imo katika jina la kabila lenyewe. Basi ulimi wa mtoto huyu u tayari. Usiokuwa tayari ni mkono.

Mkono wa mtoto wa miaka 5 si mkono wa mtu mzima uliofanywa mdogo. Kifundo chake kina mifupa midogo 8, na katika umri huo baadhi yake ingali gegedu, haijawa mfupa kamili. Mtoto aiona herufi, aijua, hata ukimwambia aichague katikati ya nyingine ataiweka kidole; lakini akiambiwa aiandike, mkono waenda njia yake. Jicho limefika, mkono ungali nyuma. Hapo ndipo mzee husema mtoto huyu ni mzito, au mkaidi, na bakora huteremshwa ukutani. Ajabu ni kuwa kalamu imetajwa katika Suratul-Alaq, katika aya zile 5 zilizotangulia kuteremka, nasi twamfanya mtoto aiogope kalamu kabla hajajua kuishika.

Kwa miaka mingi sisi tulishika njia moja. Tuliandika herufi kwa vitone, mtoto akapitisha chaki juu yake. Au tulimshika mkono tukamwendesha. Mbao zilijaa herufi za kupendeza, na wazazi wakifika walifurahi. Alikuwako binti mmoja wa miaka 6 ambaye ubao wake ulikuwa safi kuliko wote. Siku moja tulifuta vile vitone tukamwambia, "Haya, andika jiim." Alitutazama. Alianza kuzungusha chaki, akasimama, machozi yakamtoka. Miezi 4 alikuwa akiandika jiim yetu. Yake hakuwa nayo. Babaye aliposikia alikuja akasema, "Maalim, kama hafahamu, afadhali akachunge ng'ombe." Tulitahayari sana, kwani aliyekosa hakuwa binti yule.

Tulipotafuta, tulikuta kwamba wataalamu wamekwisha kulichungua jambo hili. Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt, wa Chuo Kikuu cha Indiana huko Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka kama 5 wasiojua kusoma. Herufi nyingine watoto waliziandika wenyewe, nyingine walipitisha kalamu juu ya zilizokwisha kuchorwa, nyingine walizibonyeza katika kibodi. Kisha wakaonyeshwa herufi hizo huku ubongo wao ukipigwa picha. Zile walizoziandika wenyewe ndizo zilizoamsha sehemu za ubongo ambazo watu hutumia kusoma. Na wataalamu hao wadhani sababu ni huku kukosea kwenyewe: kila herufi ya mtoto yatoka tofauti na nyingine, moja imepinda, moja imenenepa, na jicho hujifunza kwamba zote hizo ni herufi moja. Zilikuwa herufi za Kizungu, walakini mkono ni mkono.

Basi tumebadili. Sasa twaiandika herufi mara moja mbele ya mtoto, polepole, aone inapoanzia na inapokwenda. Kisha twaifuta, naye huiandika kwa kuikumbuka. Akimaliza twaandika yetu kando ya yake, jicho lake lihukumu. Umbo huja kwanza, nukta baadaye: bee, tee na thee zina bakuli moja, basi ajifunze bakuli hilo mpaka alizoee, kisha aambiwe moja chini, mbili juu, tatu juu. Na kwa kuwa asubuhi, katika darasa la kwanza, ameandika kutoka kushoto, jioni twamtilia alama ya chaki upande wa kulia wa ubao. Akiigeuza herufi hatumpigi. Njia mbili kwa siku moja ni kazi kubwa kwa kichwa kidogo.

Nyumbani akina mama wana sehemu kubwa kuliko yetu. Mtoto achambue maharage, achore katika majivu yaliyotandazwa juu ya sinia, atunge shanga. Wanawake wa Kiiraqw wa zamani walishona shanga juu ya sketi za ngozi, mstari kwa mstari, na hapana aliyewaambia mikono yao ni mizito. Dakika 10 zatosha. Lakini tafadhali, mama, usimshike mkono.

Binti yule babaye alimwacha kwa mwezi mmoja zaidi, kwa kutuhurumia tu. Katika juma la tatu aliandika jiim peke yake: imegeukia upande usio wake, tumbo kama boga, na nukta imetoka nje. Babaye aliyekuja kumchukua aliitazama akauliza, "Hii ndiyo nini?" Binti akajibu, "Jiim yangu." Tuliiacha ubaoni mpaka siku ya pili.