Aliyemwaga Asishike Ufunguo wa Geti



Kila masika Mto Mbaka na Mto Lufilyo hufurika, na maji ya ziwa hapa Mwaya hugeuka rangi yakawa mekundu kwa udongo. Hakuna ashtukaye. Kila mtu ajua udongo ule umetoka wapi: umetoka milimani Rungwe na Busokelo, kwenye mashamba ya ndugu zetu. Mwenye shaka hupanda pikipiki akaenda kujionea kwa macho yake. Njiani hatakuta geti wala mlinzi wa kumwuliza kibali.

Lakini si maji yote yaingiayo Ziwa Nyasa ambayo twaweza kuyafuatilia namna hiyo. Ng'ambo ya Mto Songwe, katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, upo mgodi wa urani wa Kayelekera, uliofunguliwa mwaka 2009 na kampuni ya Paladin ya Australia. Karibu nao hupita kijito cha Sere, kiingiacho Mto Rukuru Kaskazini, nao Rukuru humwaga maji yake ziwani hapo Karonga. Tarehe 5 Januari 2015, mgodi ukiwa umesimamisha uzalishaji tangu mwaka uliotangulia, mvua kubwa ilipasua tandiko la tangi lililokusanya maji ya kiwandani. Kampuni ilieleza kwamba meta za ujazo zipatazo 500 zilimwagika ndani ya eneo la mgodi, na kwamba kiasi ambacho huenda kilivuka tuta la kuzuia hakikuzidi meta za ujazo 0.05. Tumepiga hesabu: ni lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za kuchotea maji.

Hatusemi kwamba kampuni ilidanganya. Yawezekana kabisa kwamba zilikuwa ndoo mbili na nusu, au hata chini ya hapo. Tunalosema ni kwamba aliyepima ndiye aliyemwaga, na aliyemwaga ndiye mwenye uzio, na mwenye uzio ndiye aliyetoa tangazo. Mvuvi wa Karonga, achilia mbali wa Mwaya, alitakiwa apokee namba ile kama ilivyo. Mwaka 2012 wataalamu wa CRIIRAD, maabara huru ya Ufaransa, walikwenda kupima mionzi katika maji na udongo wa eneo lile, na katika taarifa yao walilalamikia takwimu za mazingira kutowekwa hadharani. Mwaka 2016 shirika la Human Rights Watch liliwahoji wakazi wa Karonga, nao wakasema neno lile lile: maji hupimwa, ila majibu hayawafikii. Mtu apimwe damu hospitalini, kisha majibu apewe mwenye hospitali peke yake!

Wengine watatuambia kwamba mahali palipomwagika sumu si pa kutembeleatembelea. Ni kweli, na sisi hatutaki kuona watoto wakicheza kwenye tope la mgodi. Kuna utepe wa usalama ambao ni lazima. Swali letu ni nani auwekaye, kwa muda gani, na nani apewe ruhusa ya kuuvuka ili aje kutueleza alichokiona.

Swali hili lilipata jibu la kusikitisha mwaka 2010 katika Ghuba ya Mexico. Tarehe 20 Aprili mwaka ule mtambo wa Deepwater Horizon, uliokuwa ukichimba kisima cha kampuni ya BP, ulilipuka, wakafa wafanyakazi 11, na mafuta yakatoka chini ya bahari kwa siku 87. Mwezi Mei waandishi wa televisheni ya CBS waliokwenda kupiga picha ufukwe wa Louisiana walirudishwa na mashua iliyobeba watu wa kandarasi wa BP pamoja na askari wa walinzi wa pwani wa Marekani, wakaelezwa kwamba hizo zilikuwa kanuni za BP. Mwezi Julai walinzi hao wa pwani walikataza mtu yeyote asiyeruhusiwa kukaribia vizuizi vya mafuta na vyombo vya kusafishia kwa umbali wa meta 20, na adhabu yake iliweza kufika dola 40,000. Kelele zilipozidi, waandishi wa habari waliondolewa katika katazo hilo baada ya siku zisizozidi kumi na mbili. Hapa ndipo tunapopata uchungu zaidi. Kampuni kulinda jina lake si ajabu. Ila askari aliyevaa sare ya taifa, anayelipwa kwa kodi ya mwananchi, amsaidie mkosaji kumzuia mwananchi asione kosa!

Tena kuona kulikuwa na thamani isiyo ya udadisi tu. Kwa majuma kadhaa umma uliambiwa kwamba yanatoka mapipa 5,000 kwa siku. Bunge la Marekani lilipobana, picha za video za kule chini zikaanza kutolewa mwezi Mei, na wanasayansi wa nje wakazitazama na kupiga hesabu zao wenyewe. Makadirio rasmi ya baadaye yalisema kisima kilianza kwa mapipa yapatayo 62,000 kwa siku. Ni zaidi ya mara kumi na mbili! Namba ile ya kwanza ingedumu muda gani kama hakuna jicho la nje lililoona?

Turudi nyumbani. Mwaka 2011 Serikali ya Malawi ilitoa leseni za kutafuta mafuta ziwani kwa kampuni ya Surestream ya Uingereza, na mwaka 2012 Serikali yetu ikataka utafutaji huo usimame hadi suala la mpaka limalizike. Mwaka huo huo wa 2012, upande wetu, kampuni ya Heritage ilipata kitalu cha Kyela. Wengi tulibishana kuhusu utajiri na ramani. Wachache waliuliza: yakimwagika, geti litafungwa na nani? Malawi hudai, kwa mkataba wa mwaka 1890, kwamba mpaka upo ufukweni kwetu. Tanzania husema upo katikati ya maji. Mvuvi wa Mwaya hutupa nyavu zake hapo hapo penye ubishi. Akikuta maji yananuka, aende kwa mtendaji wa kata au avuke Songwe? Nalo ziwa hili halijisafishi upesi kama mto. Kina chake hufika meta 700 hivi, mlango wake wa kutokea ni Mto Shire peke yake, na maji mengi huondoka kwa mvuke tu. Kinachoingia hukaa.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Katiba yetu, ibara ya 18, yampa raia haki ya kupewa taarifa, na ibara ya 27 yamtaka kila mtu alinde maliasili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yatambua haki ya mtu kupata taarifa za mazingira. Lakini mtu atalindaje asichoruhusiwa kukiona? Maoni yetu ni kwamba leseni yoyote ya kuchimba karibu na ziwa hili, upande wowote wa Songwe, iandikwe wazi: siku ya ajali utepe uwekwe na mamlaka ya umma, wawakilishi wa vijiji na wavuvi waingie pamoja na wapimaji, sampuli ya pili ipelekwe maabara isiyolipwa na kampuni, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, na kule ng'ambo kwa Kitumbuka na Kinyakyusa. Hata kampuni yenye ukweli itafaidika. Kama ni ndoo mbili na nusu kweli, mashahidi wenyewe watasema.

Mwaka 2025 Kayelekera ilianza tena kuzalisha urani, sasa chini ya kampuni nyingine ya Australia, Lotus. Masika yakifika, mvua itanyesha Karonga kama itakavyonyesha Mwaya. Tungependa kabla ya hapo viongozi wetu wa kata na wilaya watupe jambo moja dogo, libandikwe pale mwaloni wavuvi wanapoanika usipa: namba ya simu ya kupiga asubuhi ile mtu atakapokuta mbasa wanaelea, na jina la ofisi itakayopokea.