Wahudumu wa Hoteli Wasidharau Kiswahili

Muhula uliopita niliwaahidi wanafunzi wangu wanne kwamba iwapo shairi lao la Kiswahili lingeshinda katika tamasha za muziki za kaunti, ningewapeleka kula chakula cha mchana katika hoteli ya kifahari. Shairi lilishinda, nami sikuwa na budi kutimiza ahadi. Tuliingia katika hoteli moja mjini, wao wakiwa katika sare ya shule na mimi katika koti langu la miaka nenda miaka rudi, tukaketi karibu na dirisha.

Mhudumu alipopita nilimwita kwa adabu: "Dada, tafadhali tungependa kuagiza chakula." Alinitazama, akaenda zake. Niliporudia mara ya pili alisema, "Ngojeni." Mabwana wawili walioingia baada yetu, wakizungumza Kiingereza kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, waliletewa maji ya kunywa kabla hawajaketi sawasawa. Baada ya kungoja kwa dakika ishirini hivi, niliinuka nikayasema kwa Kiingereza yale yale niliyokuwa nimeyasema kwa Kiswahili. Sikuongeza neno hata moja la ukali. Mhudumu alikuja mbio, anatabasamu na kuomba radhi.

Nimefunza Kiswahili kwa muda mrefu, na sikumbuki siku niliyoona haya mbele ya wanafunzi kama siku hiyo. Wao hawakusema kitu. Walitazamana tu, nami nikajua kwamba nilikuwa nimeyafuta kwa sentensi moja mengi niliyowahubiria darasani.

Kisha tukaletewa orodha ya vyakula. Kurasa sita, na zote kwa Kiingereza kitupu. Sukuma wiki ilikuwa imepewa jina la kigeni na bei ya kigeni pia. Ugali pekee ndio ulioachiwa jina lake, nadhani kwa kuwa halikupatikana la kuubadilishia. Msichana aliyekuwa kiongozi wa kikundi alichagua kwa kutazama bei, maana majina mengi hayakumwambia lolote. Aliletewa 'coleslaw', yaani kabeji mbichi iliyokatwakatwa na kuchanganywa na karoti, ambayo aghalabu huandamana na chakula kingine. Nilipomwuliza kama angependa kuongezewa kitu alikataa katakata. Aliitafuna yote, akasema ameshiba.

Huenda baadhi ya wasomaji wakadai kwamba Kiswahili hakina maneno ya mapishi ya hoteli kubwa. Hayo ni madai ya mtu ambaye hajawahi kuingia jikoni kwa Waswahili. Samaki akikaangwa si sawa na akibanikwa, na aliyetokoswa hafanani kamwe na samaki wa kupaka. Wali wa nazi una mambo yake ya tui zito na tui jepesi, na pilau hupaliwa makaa juu ya mfuniko ili ikauke vizuri. Mteja anayesoma 'samaki wa kupaka' anajua nazi imo ndani, na kama nazi humdhuru, ataagiza kingine. Lugha yenye utajiri huu haiwezi kushindwa kumweleza mteja kwamba ataletewa kabeji mbichi.

Walimu wenzangu watakumbuka kwamba katika isimujamii tunaifunza sajili ya hotelini. Tunaandika ubaoni: "Nani ugali matumbo?" "Mimi ni ugali, huyu ndiye matumbo!" Darasa linaangua kicheko, kisha tunaorodhesha sifa: sentensi fupi fupi, utohozi, kuchanganya ndimi, mteja kuitwa kwa jina la chakula chake. Sajili hiyo imo vibandani na katika hoteli ndogo ndogo za karibu na vituo vya matatu, ambako majina ya vyakula huandikwa kwa chaki ubaoni na hakuna anayehitaji kamusi ili ashibe. Sisemi kwamba huko ni peponi. Nimewahi kula katika kibanda ambapo kitambaa cha kufutia meza ndicho kilichofutia sahani, na chenji yangu ya shilingi hamsini naidai hadi leo. Hata hivyo, hakuna mhudumu wa kibanda aliyewahi kunidharau kwa sababu ya lugha niliyotumia.

Nilipokuwa nikilipa bili nilimwuliza yule binti, kwa Kiswahili, kwa nini hakutuhudumia mapema. Aliona haya, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nisamehe. Tumeambiwa tuwaamkue wateja kwa Kiingereza. Na ukikaa hapa utaona, wateja wa maana hawaagizi kwa Kiswahili." Alinieleza kwamba yeye mwenyewe alipata alama nzuri ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne, na kwamba swali la sajili lilikuwa kipenzi chake. Aliongeza kuwa shuleni kwao, aliyesikika akizungumza Kiswahili siku isiyokuwa ya Kiswahili alivishwa kibao shingoni hadi jioni. Yeye alikivaa mara nyingi.

Hapo hasira zangu zote zilinitoka, maana hata katika shule yangu kibao hicho kimewahi kuwapo, na sikumbuki nikisimama katika mkutano wa walimu kukipinga. Tunakifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa, jambo lililoanza na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kisha tunamwadhibu mtoto kwa kukizungumza. Anapoajiriwa hotelini, anamtazama mteja kwa macho yale yale tuliyomtazamia yeye.

Mambo ya usiku ni mabaya zaidi, ingawa mimi si mwenyeji sana huko. Mara moja nilialikwa na rafiki aliyekuwa akiagwa kazini tukutane katika klabu moja ya jijini. Mlinzi aliyemfungulia mlango kijana aliyenitangulia kwa maneno matamu ya Kiingereza alinigeukia akaniuliza, "Na wewe mzee, unaenda wapi?" Nilimwonyesha kadi ya mwaliko. Aliisoma mbele na nyuma, kisha akatazama viatu vyangu.

Mwezi Machi mwaka 2015, Wakenya walipandwa na mori baada ya kuripotiwa kwamba mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Kilimani, Nairobi, ulikuwa ukiwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni kwa kisingizio cha usalama. Mkahawa huo ulifungwa, na haki ilikuwa upande wa waliolalamika. Ninachouliza ni hiki: mbona hasira hiyo hatuioni Mkenya anapombagua Mkenya mwenzake mezani, si kwa rangi bali kwa lugha? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na miongoni mwa misingi ya ubaguzi kinataja lugha waziwazi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma anazozilipia. Sijui ni habari gani aliyoipata mwanafunzi wangu katika zile kurasa sita.

Wenye hoteli wasinielewe vibaya. Siwaombi wakitupe Kiingereza, kwa kuwa watalii wanakihitaji, na biashara ni biashara. Naomba kila chakula kiandikwe kwa lugha zote mbili, na mhudumu ajibu kwa lugha aliyoitwa nayo.

Tuliporudi shuleni, wale wanafunzi wanne waliketi kwa majuma mawili wakaitafsiri orodha ya hoteli ile, wakisaidiwa na mpishi wa shule, mzee kutoka Lamu ambaye aliwasahihisha mahali pengi, na mimi pia. Tuliiandika kwa mashine, tukamtumia meneja pamoja na barua ya heshima. Mwezi wa pili huu umepita na hatujajibiwa. Yule msichana aliyekula kabeji huja ofisini kwangu kila Jumatatu kuuliza kama barua imefika.