Bastola ya mtoto na dhamana ya wazazi



Ndugu Waislamu, tarehe 9 Aprili 2024, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mahakama iliwahukumu mume na mke kifungo cha miaka isiyopungua 10 na isiyozidi 15 kila mmoja. Wazazi hawa, James na Jennifer Crumbley, hawakumpiga mtu risasi. Aliyeua ni mtoto wao wa kiume, ambaye tarehe 30 Novemba 2021, akiwa na umri wa miaka 15, aliwaua wanafunzi wenzake wanne katika shule ya sekondari ya Oxford na kuwajeruhi watu wengine saba. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo katika nchi ile wazazi kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kwa sababu ya mauaji ya namna hii yaliyofanywa shuleni na mtoto wao.

Nimelichagua tukio hili kwa sababu habari kama hizi zinapotufikia, nasi huzijadili barazani baada ya sala, na hukumu yetu hutoka upesi mno. Mmoja husema ni michezo ya kompyuta na filamu za mauaji. Wa pili husema ni watoto wa ndoa zilizovunjika. Wa tatu husema wale hawana dini, kisha anaomba kahawa nyingine na mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Tuyapime maneno haya kwa uadilifu. Michezo ile ya kompyuta huchezwa mno na vijana wa Japani na Korea Kusini, na huko mauaji ya shuleni kwa bunduki ni jambo ambalo halisikiki. Ama habari ya ndoa kuvunjika, idara inayomlinda Rais wa Marekani, ikishirikiana na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, ilitoa mwaka 2002 uchunguzi wa mashambulizi 37 ya shuleni, na ikakuta kwamba karibu thuluthi mbili ya washambuliaji walitoka katika nyumba zenye wazazi wawili. Wale vijana wawili wa Columbine, waliowaua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja tarehe 20 Aprili 1999, kila mmoja alikuwa akiishi na baba yake na mama yake. Crumbley nao walikuwa mke na mume chini ya dari moja. Sisemi kwamba talaka haiwaumizi watoto, wala kwamba filamu hazina madhara. Nasema kwamba anayetosheka na majibu haya amejifariji tu kwamba maradhi ni ya nyumba ya jirani.

Uchunguzi ule ulikuta mambo mengine mawili, na hayo ndiyo yanayomhusu mzazi moja kwa moja. La kwanza, zaidi ya thuluthi mbili ya washambuliaji waliipata silaha nyumbani kwao au kwa jamaa yao. La pili, katika matukio manane kati ya kila kumi, alikuwapo mtu aliyejua mapema kwamba kijana yule anawaza au anapanga shari.

Nianze na silaha. Raia wa Marekani wanakadiriwa kumiliki bunduki nyingi kuliko idadi yao wenyewe. Baba wa Michigan alimnunulia mwanawe bastola siku nne kabla ya mauaji, na mama akamchukua kwenda kujifunza kulenga shabaha. Mtoto mwenyewe aliiambia mahakama kwamba bastola ile haikuwa imefungiwa. Wakati huo jimbo halikuwa na sheria ya kumlazimisha mzazi kuifungia silaha mbali na mtoto. Sheria hiyo ilianza kufanya kazi Februari 2024. Katika mauaji ya shule ya Sandy Hook, tarehe 14 Desemba 2012, walipouawa watoto wadogo 20 na watu wazima 6, silaha alizotumia muuaji zilinunuliwa na mama yake kwa njia ya halali, na mama huyo ndiye aliyeuawa kwanza, kitandani mwake.

Sheria yetu haikungoja bunduki ivumbuliwe. Katika hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) alimwamuru mwenye kupita msikitini au sokoni akiwa na mishale aishike kwa ncha zake, asije akamdhuru mtu. Alikataza upanga kupokezwa mkono kwa mkono ukiwa nje ya ala. Alikataza pia mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha. Tazama kwamba maneno haya wanaambiwa Masahaba, watu wazima wenye taqwa ambao hawakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Mwenye silaha haulizwi nia yake pekee, huulizwa pia ncha ameiwekaje. Ikiwa hivyo ndivyo walivyoambiwa wao, aambiweje mtu anayeiacha bastola palipo na mkono wa mtoto?

Ama hukumu ya mahakama ile, mwanafunzi wa fiqhi ataona kwamba si ngeni kwake. Wanavyuoni wetu hutofautisha baina ya mtendaji na msababishaji, na kanuni mashuhuri ni kwamba wakikutana wawili hao, hukumu humwelekea mtendaji. Lakini hawakuiacha bila ya mipaka. Waliyajadili masuala ya mtu aliyempa mtoto kisu, na wapo waliomtwika dhamana yule aliyempa, kwa kuwa akili ya mtoto haijakamilika. Najua kuna msomaji atakayenipinga papo hapo: mtoto wa miaka 15 katika madhehebu yetu ya Shafii amekwisha baleghe, kalamu inamwandikia. Pingamizi hilo lina nguvu, nami silipuuzi. Hata Wamarekani walimhukumu kijana yule kama mtu mzima, na mnamo Desemba 2023 akapewa kifungo cha maisha bila ya fursa ya kuachiwa. Kuadhibiwa kwa wazazi hakukumpunguzia mtoto chochote. Kwa hivyo sidai kwamba kadhi angewahukumu kama walivyohukumiwa. Lakini dhamana ya mahakamani ni jambo moja, na suala la mchunga kuulizwa juu ya alichokichunga ni jambo jingine, na hilo la pili halina rufaa.

Sasa jambo la kusikiliza, ambalo kwangu ni zito zaidi. Siku moja kabla ya mauaji, mwalimu alimwona kijana yule darasani akitafuta habari za risasi katika simu yake. Shule ikampigia mama. Mama hakuirudishia shule jibu; alimwandikia mwanawe kwa kicheko kwamba hajamkasirikia, ila ajifunze kutokamatwa. Asubuhi iliyofuata mwalimu alikuta katika karatasi yake ya hesabu amechora bastola na mtu anayevuja damu, na ameandika maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa, wakakaa kikao kifupi, wakaambiwa mtoto anahitaji kuonana na mshauri. Hawakumchukua nyumbani. Hawakusema kwamba wamemnunulia bastola. Shule nayo haikulipekua begi lake, na bastola ilikuwamo humo humo. Baada ya saa mbili hivi risasi zikalia.

Nabii Yusuf (A.S.) alipoota ndoto ya ajabu, alimwendea baba yake akamsimulia. Nabii Yaqub (A.S.) hakumcheka wala hakumfukuza. Alimsikiliza, akazijua hatari zilizomo ndani ya nyumba yake mwenyewe, akamwonya asiwasimulie ndugu zake. Mtoto anayeweza kumletea baba yake jambo linalomtatiza amepewa ngome. Wa Michigan aliandika katika daftari lake kwamba hakupata msaada kwa wazazi wake.

Nikiri jambo langu. Miaka mingi iliyopita, mwanafunzi wangu wa madrasa alichora kitanzi nyuma ya daftari lake. Nilimchapa, nikamwamuru akifute. Sikumuuliza kilichompata. Alhamdulillahi hakujidhuru wala hakumdhuru mtu, na leo ni baba wa watoto. Lakini kila niikumbukapo habari ya karatasi ile ya hesabu, hulikumbuka daftari lile.

Haya yasifahamike kuwa kila mzazi aliyepotelewa na mwana ni mkosa. Nabii Nuh (A.S.) alimwita mwanawe mpaka wimbi lilipopita baina yao, na Qur'ani haikumlaumu kwa malezi. Wapo mama na baba waliouliza, waliotafuta tabibu, waliokesha wakiomba, na bado jambo likawashinda. Hao wana haki ya kuliwazwa. Hawafanani na mtu aliyeonyeshwa karatasi ile akarejea kazini kwake.

Wala tusijidanganye kwamba kwa kukosa bastola majumbani mwetu tumesalimika. Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa usiku kwa moto katika bweni la shule ya Kyanguli, wilayani Machakos, Kenya, moto uliotiwa makusudi kwa petroli. Kama uchunguzi ule wa Marekani unavyoonyesha, mara nyingi wanaokuwa wa kwanza kujua ni watoto wenzao. Basi mtoto anayekuja nyumbani akasema, "Fulani anasema atafanya jambo," asiambiwe aache umbeya. Aketishwe, aulizwe, na mzazi aende shuleni siku hiyo hiyo.

Na kwa ndugu zetu walioko Minnesota, Ohio na kwingineko, ambao jamaa zao husoma ukurasa huu: kabla mwanao hajaenda kucheza au kulala kwa rafiki yake, muulizeni mwenye nyumba kama ana bunduki, na kama imefungiwa pamoja na risasi zake. Wengi wetu huona haya kumuuliza mtu habari za ndani ya nyumba yake, lakini madaktari wa watoto huko wenyewe huwahimiza wazazi waulize, na mwenyeji mwema hujibu bila ya kuchukizwa.

Wallahu aalam.