Kuumwa na Kuumia: Hojaji ya Dalili za Majeraha kwa Wachezaji Wasemao Kiswahili

Hojaji za dalili za majeraha ya michezo aghalabu hutungwa kwa Kiingereza, kisha hurekebishwa kwa ajili ya wasemaji wa lugha nyingine, kama ilivyofanyika kwa wanamichezo wasemao Kihispania. Utaratibu uliozoeleka tangu mwongozo wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000 ni kutafsiri, kurejesha tafsiri katika lugha chasili, kuipitisha katika jopo la wataalamu, ndipo kuijaribu kwa wahusika. Urejeshaji huo husifiwa mno. Katika Kiswahili, mara nyingi ndio unaoficha kosa.

Chukua neno mguu. Mrejeshaji atalipatia neno la Kiingereza bila taabu, na jopo litaridhika. Ilhali mguu wa Mswahili huanzia pajani na kuishia vidoleni. Kihispania kina jina la pekee kwa sehemu ya kukanyagia, hivyo mfasiri wake hakukwazwa hapo.

Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi. Mchezaji akiulizwa, "Je, wiki iliyopita uliumwa goti?", aweza kukana kwa dhati: hakuumwa, aliumia. Kuumwa kwamwelekeza kwenye maradhi. Kuumia, kwenye rafu na kuanguka. Swali la kukanusha nalo ni mtego. Asiye na maumivu, akiulizwa "Huna maumivu unapokimbia?", hujibu "Ndiyo", yaani ni kweli hana, na karani aliyezoea Kiingereza humwandika mgonjwa.

Kariakoo, ambako Simba wana makao Mtaa wa Msimbazi na Yanga katika Mitaa ya Twiga na Jangwani, majeraha yana majina yake: enka, nyama za paja, nyonga. Msanifishaji atataka kifundo cha mguu, na ana haki yake katika kamusi. Hojaji, hata hivyo, si kamusi. Kijana wa timu ya mtaani asiye na daktari aweza kuruhusiwa kucheza, au kuzuiwa, kwa jibu moja la karatasi hiyo.

Yafaa basi majaribio yatangulie urejeshaji, wachezaji wenyewe waeleze kwa maneno yao kila swali linauliza nini, na pembeni pawekwe mchoro wa mwili ili kidole kionyeshe mahali ambapo neno mguu halikufika.